Mke hapati usingizi hata mtoto akilala: jibu kwa yule baba wa wiki sita

Bro, wewe uliyeuliza kuhusu mke wako. Unasema amezaa wiki sita sasa, mtoto ananyonya vizuri, nyumba inang'aa kuliko kabla mtoto aje, halii, lakini halali, anakufokea kwa vitu vidogo, hataki mtu mwingine ashike mtoto, na mamako amekuambia hayo ni maringo ya wasichana wa siku hizi, umpeleke ushago, huko kijijini, akatulie. Unataka kujua umpeleke ama usimpeleke.

Usimpeleke ushago bado, mpeleke hospitali kwanza. Mimi si daktari, ni mama wa watoto wawili huku Umoja, Nairobi, na yote umeandika niliyapitia na firstboni wangu, tena hiyo ya nyumba kung'aa ndio imenifanya nishike simu, maana naona watu kibao wamekujibu ati kama halii basi hana depresheni ya baada ya kuzaa. Si kweli hata kidogo.

Kulia nililia zile siku za mwanzo, maziwa yakiingia, ukiniuliza tu kama nimekula machozi yanaanguka. Hiyo ni kawaida, zaidi ya nusu ya wamama huipata, inaanza kama siku ya tatu au ya nne hivi na wiki ya pili ikiisha imeenda yenyewe. Kondo la nyuma likishatoka homoni za mimba zinashuka ghafla, usingizi hakuna, mwili una kidonda, sasa mtu asilie kwa nini. Yangu ya kulia iliisha vizuri kabisa, watu wakasema nimepona.

Sasa usiku mtoto akilala mimi nabaki macho. Naweka mgongo wa mkono chini ya pua yake nisikie pumzi, naridhika, najilaza, kabla shuka lishike joto naanza kujiuliza kama ile ilikuwa pumzi yake ama ni upepo wa dirisha, naamka tena namulika kifua chake na tochi ya simu, mwanga unamwamsha, analia, nanyonyesha, tunaanza upya. Ikifika saa tisa nimeachana na mambo ya kulala naenda jikoni kusugua. Nilisugua mpaka ile mistari ya katikati ya taili na mswaki mzee. Majirani walikuwa wananisifu aki, ati huyu ni mama kweli, ako na katoto kachanga na nguo zimeanikwa kabla jua litoke.

Halafu kuna hii wamama hawapendi kusema. Tulikuwa tunakaa gorofa ya nne, kamba za nguo ziko pale kwa balkoni, na kila nikipita hapo na mtoto kichwa kinanionyesha akiniponyoka. Si ati nilikuwa nataka, nilikuwa naogopa mpaka jasho linanitoka kwa viganja. Nikaacha kuanika nguo nikiwa naye, baadaye nikaacha kufungua huo mlango kabisa, mwishowe visu nikavificha juu ya kabati nyuma ya zile sufuria kubwa za wageni. Bwanangu akitafuta kisu akate sukuma namwambia sijui kiko wapi. Sikuambia mtu, kwa kichwa changu nilijua nikifungua mdomo nitanyang'anywa mtoto ama nipelekwe Mathari, ile hospitali ya wagonjwa wa akili, nifungiwe huko. Kumbe mawazo kama hayo huwapata wamama wapya wengi sana, hata wale wazima kabisa, na mama anayeyaogopa na kuyakimbia si yule wa kuumiza mtoto. Yule wa kushtukia ni mwingine, nitamfikia.

Na hasira! Bwanangu siku moja hakufunga chupa ya chai vizuri, chai ikapoa, nilimpigia kelele mpaka keateka wa ploti akapanda kugonga mlango aulize kuna nini.

Lakini hakuna mtu aliona shida, mtoto si alikuwa ananenepa. Kliniki ya wiki sita tulienda, mtoto akapimwa kilo, akachorewa kwa kile kitabu cha mama na mtoto, akadungwa, mama anayefuata. Foleni ilikuwa mpaka nje na nesi alikuwa mmoja. Wageni nao wanakuja kuona mtoto na pampas na mkate, wanakaa mpaka usiku, na chai unapika wewe mwenye kidonda. Wenzetu wa Pwani mama akizaa anakaa arobaini, anakandwa na maji moto, anapikiwa, ufagio hashiki. Mimi mamangu alikuja akanipikia njahi na uji, kidogo akakumbuka ng'ombe zake, na ng'ombe hazijikami bana. Bwanangu naye zile wiki mbili zikaisha. Sheria inampa mama aliyeajiriwa miezi 3 na baba wiki 2, na kama wewe ni mtu wa kibarua ama jua kali hata hizo unazisikia tu kwa redio. Kwa hivyo kutoka asubuhi mpaka jioni ni wewe na mtoto na hizo ngazi za gorofa nne, huwezi hata kushuka kununua nyanya.

Aliyeniona ni mama mkwe. Ni mama wa kuuza mboga sokoni, neno depresheni ukimwambia atasema hayo ni ya wazungu. Alikuja akakaa sebuleni ananiangalia nikikunja nguo za mtoto, nikimaliza nazikunjua, nazikunja tena. Hakusema kitu. Usiku ulipofika akachukua mtoto akaniambia, "Huyu leo analala na mimi, wewe enda ulale." Nikaenda, nikafunga mlango, na nikalala macho yakiwa wazi mpaka alfajiri, na mtoto ako salama kabisa na nyanya yake hapo chumba cha pili. Asubuhi akamwambia kijana wake, "Huyu si mchovu. Mchovu ukimpa kitanda analala. Huyu mpeleke hospitali."

Mpaka leo nikiulizwa na mtu kama ni uchovu wa mtoto ama ni kitu ingine, mimi nauliza hivyo tu: mtoto akishikwa na mtu unayemwamini, unalala? Kama jibu ni hapana, na si siku moja, usingoje iishe yenyewe.

Hospitali daktari alinipa karatasi ya maswali kumi. Ni ya Edinburgh, ilitengenezwa Uskoti ikatoka 1987 na inatumika karibu kila mahali, inauliza kuhusu siku 7 zilizopita: umeweza kucheka, umejilaumu bure, umekuwa na hofu bila sababu ya maana, huzuni imekunyima usingizi, na la mwisho linauliza kama umewaza kujidhuru. Kila swali ni alama 0 mpaka 3, jumla 30, ukifika kama 13 hivi wanataka kukuangalia kwa undani, na hilo la mwisho hata ukiweka "mara chache sana" daktari anayejua kazi yake hawezi kuliruka. Mimi nilipita hiyo 13. Akanitoa damu pia aangalie kama iko chini, na tezi ya shingo, ile thairoidi, kwa sababu kuna wamama hiyo tezi huvurugika baada ya kuzaa, roho inadunda, usingizi unapotea, mikono inatetemeka, na kila mtu anafikiri ni akili. Waulize wapime, usingoje wakumbuke wenyewe.

Nikaanzishwa sertralini, dawa ya depresheni, na nikapewa kaunsela. Dawa yenyewe kwa maziwa inapita kidogo sana, ndio maana huwa inachaguliwa kwa mama anayenyonyesha, mimi sikuachisha mtoto. Ila mke wako akipewa usitarajie kesho aamke akiimba. Inachukua wiki 2 mpaka 4 hivi ndio uanze kuisikia, na mwanzoni ilinipa kichefuchefu. Halafu akianza kuwa sawa asiache ghafla ati amepona, daktari ndiye anapunguza. Kaunsela naye hakuniambia nisifikirie balkoni, alinifanya niifungue. Kwanza nifungue mlango tu bwanangu akiwa nyumbani, nisimame hapo mpaka hofu ishuke yenyewe, siku ingine nitoke nje bila mtoto, mwishowe nikatoka naye nikaanika soksi zake. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kuzaa, sikudanganyi.

Shirika la Afya Duniani linasema dunia nzima kama asilimia 13 ya wanawake waliojifungua hupata shida ya akili, nyingi ikiwa depresheni, na kwa nchi kama zetu inakaribia 20. Yaani hapo kwa benchi la kliniki kila wamama watano, mmoja. Na si lazima ianze wiki ya kwanza, unaweza kumaliza miezi mitatu ukiwa sawa halafu ikuangukie ukirudi kazini.

Sasa yule wa kushtukia. Huyo hajalala siku kadhaa na hata hasikii kuchoka, anaongea haraka haraka, anaruka kutoka jambo hili mpaka lile, anasikia sauti, anasema mtoto amebadilishwa hospitali ama mtoto si mtu wa kawaida, na hayo maneno hayamtishi, yeye anaona ni ukweli. Hiyo ni nadra, uzazi 1 au 2 kwa kila 1,000, mara nyingi inatokea zile wiki mbili za kwanza. Ukiona hiyo usingoje kliniki ya Jumatatu wala usiite mtu wa maombi kwanza, ni kasualti siku hiyo hiyo, na mtoto asiachwe naye peke yake hata ukienda choo. Mathari iko pale Thika Road, hospitali ya Kenyatta pia wana madaktari wa akili. Huyo naye akitibiwa anapona. Maombi sikatai, mimi nimeombewa na bado naombewa, lakini waombaji wenyewe wakiugua malaria wanameza dawa.

Kwa yale umeandika mke wako hajafika huko, lakini mimi simwoni, wewe ndiye unamwona.

Muulize pia kama ameshawahi kuwaza kufa. Muulize hivyo hivyo wazi, kumuuliza hakumpandikizii wazo, kunampa nafasi ya kusema. Na kama anaogopa ati akisema atashikwa, zamani kujaribu kujiua ilikuwa kosa chini ya kifungu cha 226 cha sheria ya makosa ya jinai, lakini Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema hicho kifungu kinaenda kinyume na katiba. Hapo kati mkikwama usiku, 1199 ni namba ya bure ya Msalaba Mwekundu, kuna watu wa kuongea nao.

Kuongea naye usianze na "nadhani uko na depresheni", atakutoa nje na mwiko. Mwambie kile umeona: nimeona hulali hata nikiwa na mtoto, nimeshtuka, nimepanga twende tuonane na daktari Alhamisi. Na usimwambie "pumzika" halafu uende kuangalia mpira. Chukua zamu. Akamue maziwa kabla alale, yakikaa nje kwa kikombe safi kilichofunikwa ni sawa kwa muda wa masaa manne, kwa friji siku 4, kwa hivyo mtoto akiamka saa sita wewe ndiye unaamka, yeye apate masaa manne matano bila kuguswa. Kama mnakaa bedsita, wewe ndiye unatoka na mtoto mapema asubuhi kwa dadako ama kwa jirani, alale hata kama atalala macho wazi, angalau utajua. Akianza kukuambia unashika mtoto vibaya, shika tu, usimrudishie kwa hasira.

Na wewe ujiangalie. Wanaume pia huipata baada ya mtoto, sema yenu inatoka kama hasira, pombe, ama kukaa kazini mpaka usiku bila kazi.

Ushago sijakataa kabisa. Akionwa na daktari, dawa zikishaingia, na yeye mwenyewe aseme anataka kwenda kwa mamake, mpeleke. Kumpeleka sasa hivi ukweni, mbali na hospitali, kwa watu ambao tayari wanasema ni maringo, hapo atajifunza kuficha zaidi.

Mamako mwite aje yeye Nairobi, lakini mpange kabla ashuke matatu. Mwambie kazi ni kupika na kuosha nguo, mtoto ataitishwa tu mama yake akitaka kulala, na lile neno maringo lisisikike kwa hiyo nyumba. Ukishindwa kumwambia, atafutwe shangazi mwenye heshima amwambie. Siku ya hospitali mtoto mwende naye kwa sababu ananyonya, beba kile kitabu cha kliniki, angalia SHA yako, ile bima ya afya ya serikali, kama imelipwa na kama ulimwandikisha mke, na mfike mapema maana foleni ya daktari wa akili huwa ni ndefu kuliko ya meno.