Maswali ya wasafiri: ndege, yatima, matumbawe na mlima usiopandwa

Ndege zinachafua hewa. Je, niache kabisa kusafiri?

Usiache, ila punguza idadi ya safari, na ukienda, kaa. Safari moja ya wiki tatu ina nafuu kuliko tatu za wiki moja moja, kwa sababu sehemu kubwa ya hewa ukaa hutoka kwenye kule kwenda na kurudi. Chagua ndege isiyotua njiani, maana kupaa hula mafuta mengi. Penye reli, panda treni. Mwaka 2023 Ufaransa ilipiga marufuku baadhi ya safari za ndege za ndani pale ambapo treni hufika kwa chini ya saa mbili na nusu.

Habari za kazi, mshauri. Nataka kujitolea wiki mbili kwenye kituo cha yatima nje ya nchi. Unaonaje?

Salama. Nia yako ni njema, lakini nakuomba usiende. Nchini Cambodia ilibainika kwamba watoto wengi wanaoitwa yatima vituoni wana mzazi angalau mmoja aliye hai. Wageni walipomiminika na michango yao, vituo viliongezeka, na wazazi maskini wakashawishiwa kuwatoa watoto kwa ahadi ya shule na chakula. Yaani fadhila yako inaweza kuwa ndiyo sababu ya mtoto kuwa mbali na mama yake.

Tena tazama kinachotokea ukifika. Mtoto wa miaka minne anakukimbilia, anakushika shingoni, hataki kukuachia, na wewe moyo unayeyuka. Mtoto aliyelelewa kwa utulivu hamrukii mtu asiyemjua namna hiyo. Huyu amezoea walezi wa wiki mbili mbili, kila mmoja akimpenda kisha akiondoka, na wewe utakuwa mmoja wao. Fedha ya safari hiyo ipeleke kwa wanaosaidia familia zibaki na watoto wao.

Kupanda tembo je?

Usipande. Ili akubali kubeba watu, huvunjwa moyo kwa mateso tangu akiwa mdogo. Nenda mahali wanapotazamwa kwa mbali.

Ni kweli mafuta ya kujikinga na jua yanaua matumbawe?

Baadhi ya kemikali zake zinashukiwa kuyadhuru. Hawaii ilizuia kuuza mafuta yenye oksibenzoni na oktinoksati kuanzia mwaka 2021. Soma kibandiko cha chupa, au vaa fulana ya kuogelea ya mikono mirefu na upunguze kujipaka.

Ila madhara makubwa zaidi mara nyingi ni sisi wenyewe kwa wingi wetu. Maya Bay, ghuba ya kisiwa kimoja nchini Thailand, ilikuwa ikipokea maelfu ya watu kwa siku, na matumbawe yake yakavunjwa kwa nanga na kukanyagwa. Ikafungwa Juni 2018, ikafunguliwa tena Januari 2022 kwa masharti: boti hutia nanga upande wa nyuma wa kisiwa, wageni huingia kwa miguu, na kuogelea hakuruhusiwi. Papa wenye mapezi ya ncha nyeusi wamerudi kwenye maji ya kina kifupi. Ukikuta mahali pamefungwa, basi, badilisha ratiba bila kinyongo.

Nimelipa nauli kubwa, halafu wenyeji wananikataza kupanda mlima wao. Ni haki?

Ni haki yao. Nauli yako imelipia kiti cha ndege, haikununua mlima. Waanangu, wenyeji wa asili wa Australia, waliwaomba wageni kwa miaka mingi wasipande Uluru, mlima wao wa mwamba, kwa kuwa ni mahali patakatifu kwao, na watu waliendelea kupanda huku bango la ombi hilo likiwa pale pale chini. Marufuku rasmi ilianza Oktoba 2019. Ninachosikitikia ni kwamba ilibidi ifike kwenye marufuku. Zunguka chini kwa miguu pamoja na mwongozaji wa hapo. Utajifunza mengi ambayo kileleni hayapo.

Nikitaka kumpiga mtu picha?

Mwombe kwanza, kamera ikiwa bado chini. Kwa mtoto, muulize mzazi wake. Akikataa, mshukuru na uendelee na mazungumzo.