Kwa vijana wanaoanza sarakasi Malindi

Wadogo zangu mnaojinyoosha ufukweni jioni, maji yakishapwa na mchanga umeshika, nawaambia mapema: sarakasi ina umri, na umri wake ni mfupi. Goti la miaka 30 halitui kama goti la miaka 19.

Msidhani bingwa haogopi. Simone Biles, mwanajimnastiki wa Marekani, aliingia fainali ya timu ya Olimpiki kule Tokyo tarehe 27 Julai 2021 dunia nzima ikimtazama. Kwenye meza ya kurukia alipanga kuzunguka kama pia mara mbili na nusu; akazunguka mara moja na nusu, akatua kwa taabu, akapata 13.766, akajitoa. Alikuwa amepotea hewani: mwili wazunguka, kichwa hakijui juu ni wapi. Hali hiyo naijua. Uko juu ya piramidi, wenzako wanahesabu, mara bahari na anga vinakuwa kitu kimoja. Hapo ujasiri haukusaidii. Mwambie kiongozi wa kundi, shuka, siku hiyo piga msamba tu. Aliyekubeba mabegani naye ana shingo ya kuvunjika. Biles alirudi kwenye boriti, ule mti mwembamba wa kuchezea juu yake, tarehe 3 Agosti, akaubadilisha mruko wake wa kumalizia usiwe na mzunguko ule uliomsumbua, akachukua shaba. Paris 2024 akapata dhahabu 3. Kushuka kule hakukummaliza.

Kuachwa nako kunauma. Huja mtu kutafuta vijana wa mkataba wa ng'ambo, mnajaribiwa wengi, wanachukuliwa wachache. Mimi niliachwa nikiwa katika ubora wangu. Nikauliza kwa nini, koo limekaba, nikaambiwa walitaka mtu mfupi wa kukaa juu. Basi. Urefu haupunguzwi kwa mazoezi, na jibu hilo liliniepusha kujitesa bure. Ulizeni siku ileile. Na mkichaguliwa, kabla ya kutia sahihi someni: ukiumia nani analipa hospitali, na tiketi ya kurudi ni ya nani?

Mei na Juni watalii wakipungua, hoteli kadhaa hufunga na maonyesho hukauka. Wengi huimaliza miezi hiyo barazani. Mimi niliitumia kusomea umeme, na ndio unaolisha watoto wangu leo.

Lakini kazi peke yake haitoshi, hili nalisema kwa uzito. Nilipoacha, jioni ndizo zilizonitesa. Saa ya onyesho ikifika mwili unachemka wenyewe, na hakuna anayekupigia makofi. Nimeona wenzangu wakitafuta makofi hayo kwenye muguka na pombe. Msiache kwa mkupuo: punguzeni mazoezi pole pole, na mapema tafuteni mtu wa kuzungumza naye, awe mjomba, imamu au daktari.

Jumamosi baada ya alasiri nipo ufukweni na watoto. Anayetaka kusomea ufundi aje na matokeo yake ya mtihani, tujaze fomu pamoja.