Mluzi umeisha, alteneta inanguruma

SWALI: Corolla yangu ya 1998, injini 5A, hupiga mluzi kila asubuhi nikiiwasha, hasa nikiwasha na taa. Fundi amekaza feni belti mara mbili. Mluzi umepungua, ila sasa alteneta inanguruma. Nimwambie akaze tena?
Msomaji, Nyakato, Mwanza

JIBU: Asikaze, aulegeze mkanda huo. Mngurumo huo mara nyingi ni wa beringi iliyobanwa kupita kiasi. Vua mkanda, zungusha kwa mkono puli ya alteneta, kisha ya pampu ya maji, maana kwenye 5A mkanda huohuo unazungusha zote mbili. (Feni yenyewe ni ya umeme, jina la feni belti limebaki tu.) Ukihisi mkwaruzo kama wa mchanga, au puli ikicheza, beringi imekwisha.

Tazama na mkanda wenyewe upande wa mifereji. Ukiwa unang'aa kama kioo au una nyufa, nunua mpya: wa namna hiyo huteleza hata ukazwe vipi. Namba iko mgongoni. 4PK maana yake ni mbavu nne, na tarakimu zinazofuata ni urefu kwa milimita.

Kukaza ni injini ikiwa baridi na imezimwa. Legeza bolti ambayo alteneta inazungukia, kwa kawaida spana 14, kisha bolti ya kufungia, spana 12. Halafu zungusha ile bolti ndefu ya kurekebishia, nusu mzunguko kila mara. Usichomeke nondo nyuma ya alteneta. Bodi yake ni aluminiamu, inapasuka.

Nyosha uzi kutoka puli hadi puli, nasa mkanda katikati ya sehemu iliyo ndefu kwa mizani ya ndoano, kama ile ya wauza samaki wa Mwaloni, uvute hadi isome kilo 10. Pima kwa rula umeachana na uzi kiasi gani: takriban milimita 10, mpya pungufu kidogo. Kidole gumba cha fundi hakina alama za kilo.

Funga bolti zote, upime tena, kwa sababu kufunga nako huvuta mkanda. Ukiwa mpya, washa injini dakika 5, zima, pima upya.

Mkanda bado unalia? Injini ikiwa inaunguruma, nyunyizia maji kidogo kwenye mifereji, mikono na mikono ya shati ikiwa mbali. Sauti ikizidi, umelegea. Ikikata kisha ikarudi, puli hazijalingana, na hapo kukaza hakusaidii. Sabuni ya mche usiipake kabisa. Hunyamazisha siku mbili, kisha mkanda huteleza kuliko mwanzo.