Karakana ipo, mbao je? Jibu kwa mzazi wa Kibaigwa

Mkuu, umeuliza kama mwanao aliyepangiwa mkondo wa amali, ule wa sekondari unaofundisha fani ya kazi, ametupwa, maana mtoto wa jirani yako yuko mwaka wa pili wa useremala na hajui kunoa randa. Nimefundisha useremala kama fundi wa muda kwenye sekondari moja ya kata upande wa Kongwa, kwa hiyo nakujibu niliyoyaona.

Mwanao hajatupwa. Anasoma masomo ya jumla kama wenzake, na juu yake anapata fani. Dodoma hii inayojengwa kila kona, kuanzia Mtumba mpaka Nala, kijana anayejua kupiga kenchi au kufunga fremu ya mlango halali njaa. Shida iko kwenye fedha, tena siyo ile watu wanayoipigia kelele.

Watu wanauliza majengo na mashine. Hivyo vinakuja, vinapigwa picha, vinazinduliwa. Kwetu zililetwa mashine nzuri kabisa, ya kuranda na ya kupasulia. Zilikaa kwenye makasha karibu mwaka mzima kwa sababu zinataka umeme wa fezi tatu na shule ilikuwa na fezi moja. Hakuna aliyekuwa ameweka fungu la kuvuta umeme. Nilikuwa nikipita pale naumia moyo.

Lakini hata umeme ungekuwepo, tungeranda nini? Kapitesheni ya sekondari, yaani ruzuku ambayo serikali inaipa shule kwa kila mwanafunzi, ni shilingi 25,000 kwa mwaka. Ni ileile kwa anayesoma historia na kwa anayejifunza useremala. Chaki, karatasi za mitihani, ukarabati mdogo, vyote vinatoka humo. Sasa piga hesabu: mbao ya paini ya mbili kwa nne tulikuwa tunainunua kwa zaidi ya elfu sita. Mtoto mmoja akiharibu mbao mbili, na lazima aharibu, maana hakuna aliyejifunza kukata ulimi wa mbao bila kuharibu, nusu ya fedha yake ya mwaka imekwisha. Bado misumari, gundi, msasa na uniti za umeme wa LUKU. Ndiyo maana yule wa jirani yako amechora viungo vyote kwenye daftari na mkono wake haujazoea chombo.

Vyuo vya ufundi stadi vya VETA vilifikiriwa tofauti tangu mwanzo. VETA ilianzishwa kwa sheria ya 1994 na ina mgawo kwenye tozo ya kuendeleza ujuzi, ile SDL wanayolipa waajiri wenye wafanyakazi 10 na kuendelea, iliyoshushwa hadi asilimia 3.5 ya mishahara mwaka 2023. Mimi naamini kabisa shule za amali zinastahili sehemu ya tozo hiyo, iandikwe wazi kuwa ni ya malighafi, isiguswe kwa kazi nyingine. Mwajiri anayelipa ndiye atakayewaajiri watoto hawa.

Kilichotuokoa sisi ni viti. Shule ilikuwa na viti vibovu vimerundikwa nyuma ya bwalo, na fedha ya kuvikarabati ilikuwa inaenda kwa fundi wa nje. Nilimwomba mkuu wa shule tutumie fosi akaunti: shule inunue mbao yenyewe, kazi ifanyike karakanani chini yangu. Bodi ilisita, kisha ikakubali. Muhula ule vijana walishika randa kila wiki. Hapo pana hatari pia, nisikufiche: mwalimu asipokuwa makini, watoto wanageuka vibarua, wanapiga misumari ileile mwaka mzima bila kujifunza kitu kipya. Kwa hiyo kila kiti tulikihesabu kama somo, huyu anakata, huyu anaunga, wiki ijayo wanabadilishana.

Usimhamishe kijana kwa kusikia maneno ya jirani. Nenda siku ya kikao cha wazazi, omba wakupeleke karakanani, uangalie chini. Ukikuta maranda sakafuni, mwache asome. Ukikuta sakafu safi na mashine zimefunikwa turubai, rudi kikaoni uulize fungu la mbao mwaka huu ni shilingi ngapi, na uombe jibu liandikwe kwenye muhtasari.