Maswali ya Wasomaji: Kujenga Uwanja wa Ukunda Ndani ya Simuleta ya Zamani

SWALI: Salaam aleykum, Fundi. Mimi ni mwanafunzi wa chuo na kompyuta yangu ni kuukuu, haiwezi kuendesha simuleta za urubani zilizotoka karibuni, bali Flight Simulator ya 2004 huiendesha bila taabu. Kila nikitua Ukunda ninakuta lami na nyasi tu, wala hakuna hata banda la abiria. Nataka kuujenga uwanja huo na kuwapa wenzangu bure. Kila ninayemuuliza hunijibu kwamba ni lazima nijifunze kwanza kuchora majengo ya pande tatu, na nimejaribu miezi miwili bila kufika popote. Je, hakuna njia nyingine?
Msomaji, Likoni

JIBU: Aleykum salaam. Waliokushauri wamekuanzisha kwa paa kabla ya msingi, na ndiyo maana miezi miwili imepotea. Katika simuleta hiyo, iliyotoka mwaka 2003, kila uwanja wa ndege ni kama meza iliyowekwa juu ya ardhi: una mwinuko mmoja tu, na njia ya kurukia, maegesho na majengo yote hulazwa juu ya meza hiyo moja, hata kama uwanja wenyewe una mteremko. Meza ikikaa vibaya, jengo zuri kuliko yote halitakusaidia kitu. Kwa hiyo anza na ardhi, na kwa wiki kadhaa usiguse jengo lolote.

Programu unayohitaji kwa kazi hii ya kwanza ni AFCAD, au Airport Design Editor iliyokuja baadaye, ambayo hutumika kwa simuleta yako na pia kwa ile iliyoifuata mwaka 2006. Zote mbili hutolewa bure. Fungua uwanja wenye herufi HKUK, ambazo ndizo utambulisho wa Ukunda, kisha ulinganishe unachokiona na picha ya setilaiti: njia ya kurukia inaanzia wapi na inaishia wapi, maegesho yako upande gani, na njia ya kuyaendea inakata wapi. Zingatia kwamba mwelekeo wa njia ya kurukia huandikwa katika faili kwa kufuata kaskazini ya kweli, ilhali namba zilizopakwa rangi juu ya lami hufuata kaskazini ya dira. Hapa pwani tofauti ya kaskazini hizo mbili ni ndogo, lakini namba ya lami yenyewe imekadiriwa kwa makumi ya nyuzi, hivyo ukiitumia kama kipimo, njia yako itapinda na hutajua kwa nini.

Kosa linalowapata wengi ni la latitudo na longitudo. Mombasa iko kusini ya ikweta, kwa hiyo latitudo yake huandikwa kwa alama ya kutoa. Ukiisahau alama hiyo, nyumba yako itakwenda kusimama kusini mwa Ethiopia, nawe utabaki Ukunda ukiitafuta. Kosa la pili hujificha zaidi: nyuzi 4 na dakika 2 si 4.02, bali ni 4.033, na tofauti hiyo inayoonekana kuwa ya bure ni karibu kilomita moja na nusu. Tumia desimali tano au sita. Desimali ya nne ni kama mita 11, na mita 11 zinatosha kulitoa banda la abiria kwenye nyasi na kuliweka katikati ya maegesho.

Ukifika mahali pa kuchagua aina ya tabaka la juu la njia, utakuta orodha ndefu: lami, saruji, nyasi, changarawe, vumbi, na ndani yake yamo hata matumbawe. Nilipoiona mara ya kwanza nilicheka, maana sisi huku tumezoea matumbawe kwenye kuta za nyumba za kale, si chini ya magurudumu ya ndege. Kwa Ukunda chagua lami. Hayo matumbawe waachie wenye viwanja vya visiwa vya mbali.

Ardhi ikishatulia, jiulize rubani anaona nini. Anayekaribia kutua kwa mteremko wa kawaida wa nyuzi 3, akiwa bado maili 3 za baharini kutoka mwanzo wa njia, yuko takriban futi 950 juu ya uwanja. Kutoka hapo hawezi kuona kitasa cha mlango. Anaona mstari mweupe wa mawimbi yanapovunjikia mwambani, mapaa ya hoteli za Diani, minazi, barabara ya kwenda Lungalunga, na vivuli vya mibuyu. Mbuyu mmoja uliosimama mahali pake halisi humwambia mtu wa pwani kwamba hapa ni kwetu kuliko jengo lenye madirisha arobaini. Nao ni rahisi: picha ya mti iliyokatwa vizuri, ikabandikwa juu ya bapa mbili zinazokatana kama msalaba, basi una mbuyu.

Majengo yatakapofika zamu yake, tumia programu ya kuchorea maumbo ya pande tatu, yaani gmax, au SketchUp kisha uligeuze umbo lako lisomeke na simuleta kwa ModelConverterX, ambayo nayo ni ya bure. Anza na banda la makuti. Umbo lake ni paa la pande nne na nguzo, na uzuri wake wote umo katika picha utakayolivisha. Tafuta paa la makuti mtaani kwenu, lipige picha siku ya mawingu ili kusiwe na vivuli vikali, kwa sababu simuleta ina jua lake na itaongeza vivuli vyake yenyewe. Ukipiga picha saa kumi alasiri, paa litakuwa na alasiri ya kudumu hata rubani akitua alfajiri. Simama sawasawa na mteremko wa paa, si chini yake, hata ikibidi uazime ngazi. Kisha ile kingo ya chini, pale ncha za makuti zinaponing'inia bila mpangilio, usiikate kwa mstari ulionyooka. Ichonge ncha moja moja na uufanye upenyo uliobaki kati yake uwe wa kupenyeza mwanga. Kazi hiyo ilinichukua jioni mbili, na ndiyo sehemu pekee ya uwanja wangu wa kwanza ambayo nikiiangalia leo sioni haya.

Nenda pia Ukunda mwenyewe. Panda matatu, ukaangalie rangi ya udongo kandokando ya uwanja. Ila usipige picha ndani ya uzio bila kuomba idhini kwa wasimamizi. Viwanja vya ndege si mahali pa kuchezea kamera.

SWALI: Fundi, nimemaliza kuujenga uwanja wetu wa ndege wa Moi hapa Mombasa, lakini una maajabu. Mnara wa kuongozea ndege unaelea hewani, miti imeota katikati ya maegesho, na majengo ya asili ya simuleta yamechomoza ndani ya majengo yangu. Namba za maegesho nazo zinaonekana mara mbili. Nimefuta na kuanza upya mara tatu.
Msomaji, Changamwe

JIBU: Usifute tena. Hayo ni maradhi manne, na kila moja lina dawa yake.

Mnara unaelea kwa sababu ya hesabu. Mwinuko wa uwanja wa Moi ni takriban futi 200, yaani mita 61 juu ya usawa wa bahari. Nashuku kwamba uliandika 61 kwenye nafasi ya kimo cha mnara, na papo hapo ukaacha alama inayoiambia programu ipime kutoka ardhini. Programu imetii: imehesabu mita 61 kuanzia ardhini na kuutundika mnara huko. Andika sifuri, uiache alama mahali pake, na mnara utashuka. Wala usijaribu kuubadilisha mwinuko wa uwanja mzima ili uufuate mnara, kwa maana simuleta ina rekodi yake ya mwinuko wa Moi, na ndege zinazoendeshwa na simuleta yenyewe zikifuata rekodi moja na lami ikafuata nyingine, utaziona zikitembea hewani au zimezama hadi mbawa.

Namba za maegesho zinazorudiwa ni dalili ya faili mbili za uwanja mmoja. Huenda zamani uliwahi kuingiza uwanja wa Moi wa mtu mwingine ukasahau. Tafuta ndani ya folda zote za simuleta faili zenye HKMO, herufi za utambulisho wa Moi, katika majina yao, ubakishe moja, na zile nyingine uzihamishie mahali pengine badala ya kuzifuta.

Majengo ya asili huondolewa kwa kuchora mstatili wa kufuta juu ya eneo lake. Lakini mstatili huo hufuta vilivyo katika tabaka za chini yake tu, kwa hiyo ni sharti mandhari yako ipande juu ya ile ya asili katika orodha ya mandhari ya simuleta. Ikiwa umeuchora mstatili na majengo bado yapo, angalia orodha hiyo kabla ya kulaumu jambo jingine lolote.

Miti ndiyo inayowachosha watu. Miti na nyumba ndogondogo ambazo simuleta huziotesha yenyewe haziutii mstatili wa kufuta, maana hazimo katika faili yoyote ya majengo. Huzaliwa kutokana na aina ya ardhi iliyo chini yake. Ziondoe kwa kuibadilisha ardhi yenyewe: chora poligoni, yaani umbo la pande nyingi, kwa programu ya SBuilder pale usipotaka miti, au panua maegesho katika AFCAD, kwa kuwa lami nayo huzuia miti kuota juu yake. Unapoichora poligoni, usiinyooshe kama sahani ya mraba. Ifuate ardhi inavyoinama kuelekea mkono wa bahari wa Port Reitz, la sivyo ukingo wa uwanja utageuka jabali kwa kila aliyeweka data nyingine ya miinuko kwenye kompyuta yake.

SWALI: Uwanja wangu ni mdogo, una majengo tisa tu, lakini nikiukaribia simuleta inashuka kutoka fremu 25 kwa sekunde hadi 9. Je, nipunguze majengo?
Msomaji, Kisauni

JIBU: Acha majengo, kagua picha ulizoyavisha. Picha ya piseli 1024 kwa 1024 iliyohifadhiwa kwa rangi za biti 32 huchukua megabaiti 4 za kumbukumbu. Picha hiyohiyo ikibanwa kwa mfumo wa DXT1 huchukua nusu megabaiti. Naamini kila jengo lako lina picha yake au picha zake kadhaa, na huenda ziko wazi bila kubanwa. Zikusanye kuta, milango na mapaa ya majengo yote tisa katika karatasi moja ya 1024 kwa 1024, ambayo ndiyo saizi ya mwisho kwa simuleta hiyo, uibane kwa programu ya DXTBmp, na uvishe majengo yote kutoka karatasi hiyo moja. Vipimo vya picha viwe 256, 512 au 1024. Picha ya usiku ipe jina lilelile ukiongeza _LM mwishoni, na taa zitawaka zenyewe giza likiingia.

SWALI: Rafiki yangu wa mtandaoni ametoa bure uwanja wenye hanga, yaani banda la kuwekea ndege, nzuri sana. Kwa kuwa ni bure, naweza kuichukua hanga hiyo nikaiweka Malindi, kisha nikautoa uwanja wangu?
Msomaji, Nyali

JIBU: Hapana, mpaka umwulize. Bure maana yake ni kwamba hakudai pesa. Haina maana kwamba mali haina mwenyewe. Fungua faili ya maelezo aliyoambatanisha, kwani wengi huandika humo kama wanaruhusu kazi yao itumiwe kwingine. Akikaa kimya, mwandikie. Akikubali, mtaje kwa jina alilolichagua yeye. Asipojibu, jenga hanga yako. Ni sanduku lenye mlango mkubwa, usijifanye ni msikiti wa Basheikh. Tahadhari hiyohiyo inahusu picha za setilaiti: kuchora juu yake ili upate mahali pa vitu ni jambo moja, kuipachika picha ya kampuni kama ardhi ya uwanja wako na kuigawa ni jambo jingine. Faili za simuleta yenyewe nazo usizipakie ndani ya kifurushi chako hata kidogo.

Kabla ya kukitoa kifurushi, kijaribu kwenye kompyuta isiyo yako. Nilipotoa uwanja wangu wa kwanza nilisahau folda ya picha, na sikugundua kwa sababu kwangu picha zilikuwapo tayari katika folda kuu ya simuleta. Siku ya pili nilipata barua tatu za watu waliotua wakakuta majengo hayana rangi. Ndani ya kifurushi pawe na folda moja yenye jina la uwanja, na ndani yake folda mbili, "scenery" na "texture", zikiwa na majina hayohayo bila kuyatafsiri, pamoja na faili fupi ya maelezo inayosema umetumia kazi za nani, mandhari iwekwe tabaka gani, na mtu afanye nini siku akitaka kuiondoa.