Je, ndege ya abiria inaweza kuruka bila rubani?

SWALI: Nasafiri sana kati ya Dar na Mwanza. Abiria mwenzangu aliniambia rubani anabonyeza kitufe tu, mengine yote yanafanywa na kompyuta. Kama ni kweli, kwa nini marubani bado ni wawili? Tutafika siku ya kupanda ndege isiyo na rubani?
Msomaji, Tabata

JIBU: Amekwambia nusu ya ukweli. Ndege ikishapaa, otopailoti, yaani mtambo unaoiendesha ndege wenyewe, hushika usukani karibu safari nzima, na hutunza mwinuko na mwelekeo vizuri kuliko mkono wa mtu. Ila njia inayoifuata imeingizwa na rubani, na ndiye anayeamua kulikwepa wingu zito la masika.

Kupaa bado ni kazi ya mikono. Ndege inapokimbia kwenye njia ya kurukia, kapteni huwa ameshika vishikio vya nguvu za injini. Mwenzake anasoma mwendo, na anapotamka “V1” mkono ule unaondoka pale. V1 ni mwendo uliopigiwa hesabu mapema kwa uzito wa ndege, joto na urefu wa njia hiyo. Injini ikifa kabla yake, unafunga breki. Ikifa baada yake, unapaa nayo hivyo hivyo, maana njia iliyobaki haitoshi kusimama.

Kutua kwa mtambo kupo tangu miaka ya 1960, lakini kunadai mitambo maalumu ya redio uwanjani na upepo mpole. Kwa Airbus A320, upepo wa ubavuni ukizidi nauti 20 (kama kilomita 37 kwa saa), rubani hutua mwenyewe. Viwanja vya changarawe vya mbugani ndiyo kabisa: rubani hupita chini kwanza kufukuza swala, ndipo azunguke atue.

Tatizo kubwa ni vihisi, yaani vifaa vinavyoipimia kompyuta mwendo na mkao wa ndege. Mwaka 2009, barafu iliziba mirija ya kupimia mwendo ya ndege ya Air France juu ya Atlantiki. Otopailoti ilijizima, marubani wakashtukizwa, wakainua pua kupita kiasi, na watu 228 wakafa. Katika ajali mbili za Boeing 737 MAX, 2018 na 2019, kihisi kimoja kilitoa taarifa potofu na programu ikaendelea kusukuma pua chini, walikufa 346. Mwaka 2010 injini ya ndege ya A380 ya shirika la Qantas la Australia ilipasuka ikakata nyaya na mabomba, na onyo likafuata onyo. Marubani walitumia kama dakika 50 kupitia taratibu zake, kisha wakarudi Singapore na watu wote 469 salama. Hitilafu za namna hiyo, zilizochanganyikana, hakuna aliyeziandikia programu.

Airbus ilimaliza mwaka 2020 majaribio ya ndege ya A350 kupaa na kutua yenyewe kwa kutumia kamera, marubani wakiwa ndani. Kilichojadiliwa Ulaya ni rubani mmoja abaki usukani angani huku mwenzake amelala. Hata hilo lina hatari: aliye macho akizimia, anayeamka usingizini huhitaji dakika kadhaa akili itulie, na huenda asizipate.

SWALI: Mwanangu anataka urubani. Nitapoteza ada?
Mzazi, Kigamboni

JIBU: Hapana. Ila kabla ya kulipa chochote, apimwe afya ya daraja la kwanza kwa daktari aliyeidhinishwa na TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania. Macho, masikio na moyo vimewakwamisha wengi waliokwisha kulipa. Leseni ya urubani wa biashara kwa kawaida hudai saa 200 za kuruka, ya ukapteni wa ndege kubwa 1,500.