Kabla hujagusa gesi, weka mkono kwenye tundu la hewa

Vijana mnaoingia kwenye kazi ya AC za malori, hasa nyie mlioko fildi ambao bado mnashika tochi na kumpa fundi spana, kuna kitu nataka mkielewe mapema maana mimi kilinichukua muda. Dereva akija akasema "AC haipoi" bado hajakuambia ugonjwa. Inawezekana upepo hautoki kabisa, au unatoka ila wa moto, au ni wa baridi vizuri tu ila unaenda kusikotakiwa, na hayo ni matatizo matatu tofauti. Fundi asiyeuliza anakimbilia geji ya kupimia gesi, akikuta gesi imepungua kidogo anajaza, dereva analipa anaondoka, kufika Morogoro anapiga simu analalamika.

Kuna lori lilikuja limetoka Tunduma na mzigo wa shaba, dereva anasema ameshajaziwa gesi mara mbili njiani na bado analala kebini kama yuko kwenye oveni. Nikawasha, ubaridi mwisho, feni ya kati, nikapitisha mkono tundu moja moja, upande wake, upande wa utingo, chini miguuni, mpaka juu kwenye kioo. Usoni hamna kitu. Ila kile kioo cha mbele, na joto lile la Dar, kilikuwa kinatiririka umande kwa nje kama chupa ya soda! Yaani ubaridi ulikuwepo wa kutosha, wote unapiga kioo. Hapo gesi inahusikaje?

Ndani ya boksi la AC kuna flapa, ni kama vimilango vya plastiki, kimoja kinaamua hewa ipite usoni, miguuni au kwenye kioo, kingine kinachanganya baridi na joto la hita, kingine kinachagua hewa ya nje au ya ndani. Gari za zamani flapa zinavutwa na kebo kutoka kwenye kitufe, na kebo ikichomoka kwenye klipu yake kitufe kinazunguka kilaini bila kazi. Za siku hizi zinasukumwa na vimota vidogo vyenye gia za plastiki. Ukifungua swichi zima redio, mwambie na utingo anyamaze, sikiliza nyuma ya dashibodi, ukisikia tik tik tik sekunde kadhaa alafu kimya basi kuna gia inateleza.

Lori lile lilikuwa linalia hivyo hivyo. Nikachomoa kimota, gia nyeupe ndogo kama kifungo cha shati, meno matatu hayapo, yako kwenye grisi. Sasa hapa ndipo vijana wengi mnakosea, mnakimbia dukani kununua kimota kipya. Subiri kwanza, shika mhimili wa flapa kwa vidole uuzungushe. Ukienda kilaini mwanzo mpaka mwisho, sawa, kanunue. Ukigoma, kuna kitu kimebana, na kimota kipya kitavunjika meno vile vile. Wa kwetu ulifika nusu ukagoma. Nikaingiza koleo jembamba nikavuta risiti ya mzani, imekunjwa mara nne! Madereva wanaziweka juu ya dashibodi, gari ikiruka tuta zinateleza zinaingia kwenye tundu za kioo.

Kijana mmoja pale akasema tuifunge flapa na waya ibaki usoni, mteja ana haraka. Hapana jamani. Lori hilo wiki ijayo linapita Makambako mwezi wa saba, usiku, ukungu, kioo kinaziba kwa ndani na hamna hewa ya kukikausha. Umemfunga dereva macho.

Kama matundu yote yanatoa joto, shika ule mpira mnene wa AC unaoingia kebini. Ukiwa wa baridi na unatoka jasho, AC inafanya kazi, joto linatoka kwenye hita, kwahiyo angalia flapa ya kuchanganya, au valvu ya maji ya hita kama gari inayo, labda imebaki wazi. Ukiwa wa uvuguvugu ndio uchukue geji sasa.

Upepo ukiwa dhaifu anza na filta ya kebini, kwa vumbi la barabara zetu utaikuta nyekundu kama tofali. Feni ikifanya kazi namba ya mwisho tu, hizo nyingine zimekufa, mara nyingi ni rezista, kile kifaa kinachopunguza umeme wa feni, maana namba ya mwisho hupitisha umeme moja kwa moja bila rezista. Na ukisikia "inaanza vizuri, baada ya nusu saa upepo unakata, nikizima kidogo inarudi", hiyo evaporeta, ile sehemu ndani ya boksi inayopoza hewa, inaganda barafu, tafuta filta iliyoziba, sensa ya baridi iliyokufa au gesi kidogo. Ukiisafisha usipige upepo mkali wa kompresa kwa karibu, yale mapezi yake, vile vibati vyembamba, yanalala na hewa haipiti tena.

Kabla hujafungua dashibodi chomoa betri usubiri dakika kadhaa, waya za njano ni za eabegi usizipime na testa. Na kumbuka malori makubwa mengi ni volti 24, usimpachike kimota cha pikapu cha volti 12. Ukishafunga kipya fungua swichi usiguse kitu kama dakika moja hivi, kijitafutie mwanzo na mwisho wake, gari nyingine zinadai mashine ya kupimia ndio zikitambue.

Yule dereva nilimpa risiti yake na kibanio cha nguo, nikamwonyesha pa kuzibana, kwenye kile kizuia jua juu ya kichwa chake.